Je, Wajua? Ndege za Jirani Juu ya Pwani ya Cabo Delgado

Je, wajua kwamba mkataba unaozifunga nchi za kusini mwa Afrika kulindana ulitiwa saini Dar es Salaam? Ilikuwa tarehe 26 Agosti 2003. Kifungu cha 6 kinasema kwamba mwanachama mmoja akishambuliwa kwa silaha, hilo ni tishio kwa amani ya ukanda mzima, na litajibiwa mara moja kwa hatua ya pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vikashambuliwa na vijana ambao wenyeji walikuja kuwaita mashababi. Askari wa jumuiya ya nchi hizo, SADC, walianza kutua Julai 2021. Karibu miaka minne ilipita, na katika miaka hiyo Mocímboa ilibomolewa, Palma ikahamwa, na kambi za Metuge zikajaa watu.

Mbona ilichukua muda wote huo? Mkataba huohuo unataka hatua ya pamoja iidhinishwe na mkutano wa wakuu wa nchi, na unamwachia kila mwanachama ashiriki kwa namna anayoona inafaa. Tena jeshi la jirani haliingii mpaka mwenye nchi aridhie. Kwa muda mrefu Maputo iliyataja mashambulizi hayo kuwa uhalifu, ikachelea kuonekana imekabidhi ardhi yake kwa wageni, ikaanza na kampuni za kukodi. Kusita huko nakuelewa, kwa nchi ambayo vita vyake vya uhuru vilianzia humohumo Cabo Delgado, pale Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Lakini waliolipia kusita huko ni wavuvi na wakulima.

Je, wajua kwamba adui wa Cabo Delgado hana ndege ya kivita hata moja? Kwa hiyo ulinzi wa pamoja wa anga, ambao kwingineko ni habari ya rada na makombora, huku una maana nyingine kabisa. Masika yakishika, barabara za udongo kuelekea Nangade, Palma na Quissanga hugeuka tope, na daraja moja likikatika wilaya nzima inabaki kisiwa. Hapo helikopta ndiyo inayofikisha risasi, maji na chakula, ndiyo inayomtoa majeruhi, na ndiyo jicho linaloona moshi wa kijiji kabla habari haijafika Pemba, makao makuu ya mkoa. Mwenye helikopta ndiye anayeamua ni kijiji gani kitafikiwa leo na ni kipi kitasubiri.

Na je, wajua kwamba Msumbiji ina ndege za kivita za MiG-21? Nane zilifanyiwa matengenezo makubwa nchini Romania na kurejeshwa mwaka 2014. Ni ndege iliyoundwa kukimbiza ndege nyingine juu sana na kwa kasi kubwa. Dhidi ya kundi la vijana kumi na watano wanaopita chini ya mikorosho kwa miguu, haina kazi.

Wageni walioleta helikopta mapema hawakutoka SADC. Septemba 2019 ndege kubwa ya mizigo aina ya Antonov An-124 ilitua Nacala ikiwa imebeba helikopta ya Mi-17 ya kampuni ya Kirusi ya Wagner. Wanaume wale hawakuijua misitu ile wala lugha za watu wake. Walipoteza watu wao, wakaondoka.

Baada yao ikaja Dyck Advisory Group, kampuni ya Afrika Kusini iliyoongozwa na Lionel Dyck, kanali mstaafu wa jeshi la Zimbabwe. Mkataba wake ulikuwa na polisi wa Msumbiji, siyo na jeshi. Kwa takriban mwaka mmoja, helikopta zake ndogo ndizo zilizokuwa msaada mkuu wa angani katika mkoa mzima. Machi 2021 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti ikisema kwamba watu waliokuwa kwenye helikopta hizo walifyatua bunduki na kurusha mabomu ya mkono kwenye makundi ya watu bila kutenganisha raia na wapiganaji. Kampuni ilijibu kwamba itaajiri mawakili wa nje wachunguze. Kwa mwanakijiji aliyeko shambani, sauti ya helikopta ikisikika hana njia ya kujua ni ya nani wala rubani anamwona vipi yeye na jembe lake. Linalobaki ni kukimbilia kichakani, na anayekimbia akitazamwa kutoka juu huonekana kama mwenye hatia.

Je, wajua yaliyotokea Palma tarehe 24 Machi 2021? Mji ulishambuliwa kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Watu wapatao 220 walijifungia katika hoteli ya Amarula. Jeshi la nchi halikuwa na helikopta ya kuwatoa, na ndege za majirani bado zilikuwa makaratasi ya mikutano. Kutoka Pemba hadi Palma ni kama kilomita 250 angani, na helikopta ndogo inachukua watu wachache sana kwa safari moja. Ndege za Dyck zilitoa baadhi. Waliobaki waliamua kutoka kwa msafara wa magari 17 tarehe 26. Nje tu ya hoteli wakavamiwa, na magari 7 ndiyo yaliyofika salama. Mwezi Mei, Amnesty ilisema walionusurika waliieleza kwamba wakandarasi weupe, ambao hotelini walikuwa kama 20, walitangulizwa kupandishwa helikopta na weusi wakaachwa nyuma. Kampuni ilikanusha. Mimi nasema hivi: nchi inapomwachia mtu wa kukodi helikopta pekee iliyopo, imemwachia pia orodha ya nani atapanda kwanza, na hilo ni jambo ambalo raia ana haki ya kuidai serikali yake.

Maelfu ya wengine waliokolewa na bahari. Meli ya Sea Star ilipakia zaidi ya watu elfu moja kutoka rasi ya Afungi hadi Pemba. Wengine walipita mikokoni kwa siku kadhaa, watoto mgongoni, mpaka walipopata mashua. Miezi michache kabla, Oktoba 2020, ufuo wa Paquitequete mjini Pemba ulikuwa umepokea majahazi yaliyosheheni familia kutoka Quissanga, Macomia na visiwani. Wenyeji wa Paquitequete waliwafungulia nyumba zao, vyumba viwili vikalaza familia nne na tano.

Tarehe 26 Aprili 2021, kampuni ya Total ilitangaza kusimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20 pale Afungi. Ndani ya miezi mitatu majirani walikuwa wamefika. Kila msomaji na aupange mfuatano huo wa tarehe anavyoona haki.

Je, wajua SADC yenyewe ilikadiria nini? Ripoti ya wataalamu wake iliyovuja Aprili 2021 ilipendekeza askari 2,916, helikopta sita, meli mbili za doria, ndege ya kuchunguza bahari na hata nyambizi moja. Kilichofika kilikuwa pungufu, hasa angani. Ule uhuru wa kila mwanachama kushiriki anavyoona inafaa ukaonekana wazi. Angola ilileta ndege kubwa ya mizigo aina ya Il-76 na wahudumu wake, wapatao 20 tu. Botswana ilileta askari 296. Afrika Kusini ilileta helikopta za Oryx, nazo ndizo zilizobeba mzigo mkubwa wa kusafirisha askari na majeruhi. Helikopta hizo zilikuwa chache mno kwa mkoa unaoizidi Rwanda kwa ukubwa zaidi ya mara tatu. Moja ikiingia karakana, vikosi vya Macomia na Nangade vyote viliumia.

Na ukweli mwingine kuhusu mshirika mkubwa: Afrika Kusini, yenye jeshi la anga lenye jina kubwa kuliko yote kusini mwa Afrika, ilinunua ndege 26 za kivita za Gripen kutoka Uswidi. Kuanzia Septemba 2021 zilikaa chini kwa takriban mwaka mzima kwa kukosa mkataba wa matengenezo, wakati huohuo askari wake wakiwa vitani Macomia. Gripen hazikuwa zimepangiwa Cabo Delgado, lakini mfuko unaolipia vipuri vyake ndio huohuo unaolipia vya Oryx. Bajeti ya bunge la Cape Town ilipopungua, mgonjwa wa Macomia alisubiri.

Je, wajua kwamba nchi moja mwanachama wa NATO iliwahi kuishambulia Cabo Delgado kwa ndege zilizotolewa kwa ajili ya kulinda Ulaya? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazee wa Mueda bado wanayakumbuka mabomu hayo. Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO mwaka 1949. Mkataba wa NATO unaishia kwenye Tropiki ya Kansa, kwa hiyo Afrika ya Wareno haikuwamo. Katikati ya miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi iliiuzia Ureno ndege 40 za Fiat G.91, kwa sharti kwamba zitumike Ureno tu, ndani ya ulinzi wa NATO. Lisbon ikajibu kwamba Msumbiji na Guinea ni mikoa ya Ureno, basi sharti limetimizwa. Mwishoni mwa 1968 ndege hizo zilikuwa Nacala, mwendo mfupi tu angani kutoka uwanda wa Mueda. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipoanzisha operesheni ya Nó Górdio, yenye askari wapatao 35,000, ndege hizo zilikuwa sehemu ya kazi. Watu walihamia mapangoni na kulima mashamba yaliyofichwa chini ya miti. Muungano ulimpa silaha mwanachama wake kwa lengo moja, naye akazitumia kwa lengo lake. Wenzake wakalalamika kwa sauti ya chini, wakanyamaza.

Jibu likatoka upande wa pili wa Ruvuma. Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa FRELIMO kambi ya Nachingwea, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam tangu 1963. Mpaka mwaka 1974 wapiganaji walikuwa na makombora ya Strela, yale ya kubebwa begani. Aprili mwaka huo ndege ya Wareno aina ya C-47, iliyowabeba maofisa wa kijeshi wa kibalozi kutoka nchi za nje, ilipigwa injini moja na bado ikafanikiwa kutua. Septemba 7 mkataba wa Lusaka, wa kumaliza vita hivyo, ukatiwa saini. Huo, kwa maoni yangu, ndio ulikuwa ulinzi wa pamoja wa anga wa kwanza wa maana kwa watu wa Cabo Delgado: kombora la Kirusi, kambi ya Tanzania, bega la kijana wa Kimakonde.

Msumbiji haikusahau. Tanzania ilipopigana na Idi Amin mwaka 1979, kikosi cha Wamsumbiji wapatao 800 kilikwenda kuisaidia.

Je, wajua kwamba ndege za kijeshi ziliruka Mocímboa da Praia tangu mwaka 1917? Ureno ilikuwa upande wa Waingereza dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, na ilipeleka kikosi kidogo chenye ndege za Farman za mbao na kitambaa. Rubani Jorge de Sousa Gorgulho alianguka na kufa hapo Septemba ya mwaka huo. Zawadi ya Ureno kwa kuwa mshirika ilikuwa pembetatu ya Kionga, kipande cha ardhi kusini mwa mlango wa Ruvuma. Wakazi wake hawakuulizwa.

Tukitoka kaskazini kidogo: tarehe 23 Mei 1983 ndege za Afrika Kusini ya makaburu zilishambulia Matola, kando ya Maputo, zikidai kuwafuata wapiganaji wa ANC. Kiwanda cha jemu kilipigwa na wafanyakazi wakauawa. Ulinzi wa anga uliojengwa kwa msaada wa Wasovieti haukuzizuia. Machi 1984 Rais Samora Machel akatia saini makubaliano ya Nkomati na serikali ileile iliyomshambulia. Miaka 16 baadaye, katika mafuriko ya mwaka 2000, helikopta za Afrika Kusini hiyohiyo, sasa huru, ziliokoa zaidi ya watu 14,000 kwenye mapaa na miti ya bonde la Limpopo, akiwemo mama aliyejifungulia juu ya mti. Ninapowasikia watu wakisema jirani ni adui wa kudumu au rafiki wa kudumu, huikumbuka miaka hiyo 16.

Vivyo hivyo kaskazini. Kimbunga Kenneth kilipoipiga pwani tarehe 25 Aprili 2019, kisiwa cha Ibo kilibaki kuta. Chakula kilifika kwa helikopta za misaada, na mvua ilipozuia ndege kuruka, watu walikaa wakitazama mawingu. Mahitaji ya rubani wakati wa vita na wakati wa kimbunga ni yaleyale: mafuta, kiwanja kikavu, fundi aliye karibu. Mkoa ukiwa na hayo vitani unayo pia kwenye tufani, na hii ni faida ya ushirika ambayo wanasiasa hawaitaji vya kutosha.

Je, wajua wenzetu wa Ulaya wamepangaje? Luxemburg haina ndege ya kivita, na tangu tarehe 1 Januari 2017 anga lake linalindwa kwa zamu na Ubelgiji na Uholanzi. Lakini haikuruhusu ndege ya raia itunguliwe juu ya ardhi yake, hata na washirika hao. Uswisi nayo ilipata somo kutokana na ndege ya kwetu: tarehe 17 Februari 2014 rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines aliiteka ndege yake iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Roma, ikiwa na watu 202, akaipeleka Geneva. Ilisindikizwa na ndege za Italia na Ufaransa, kwa sababu jeshi la anga la Uswisi wakati huo lilifanya kazi saa za ofisi tu. Abiria wote walishuka salama. Uswisi ikajipanga, na tangu mwisho wa 2020 marubani wake wako tayari usiku na mchana.

Swali hilo la nani anaruhusiwa kufyatua linaihusu Msumbiji moja kwa moja. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili ya anga lake, na nyongeza ya mwaka 1984, iliyokuja baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kutunguliwa mwaka mmoja kabla, inakataza silaha dhidi ya ndege ya raia iliyo angani. Mwanachama anaweza kuazima helikopta na rada za jirani, lakini wajibu unabaki kwake. Januari 2023 ilisambaa video ya askari wa ujumbe wa SADC wakitupa maiti kwenye moto. SADC ilitangaza uchunguzi. Askari wa kigeni hulindwa na makubaliano maalumu ya hadhi ya majeshi, na kesi zao huwa mikononi mwa nchi zao. Mama wa Macomia alipokuwa na malalamiko, mlango wa kubisha ulikuwa Pretoria au Gaborone.

Je, wajua kwamba mto Ruvuma haukuizuia vita hii? Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji. Tanzania ikawa na sababu yake yenyewe ya kuingia, na askari wake wakapangiwa Nangade pamoja na wa Lesotho. Rwanda, ambayo si mwanachama wa SADC, ilishika Palma na Mocímboa kwa makubaliano yake na Maputo, na tarehe 8 Agosti 2021 askari wake na wa Msumbiji waliurudisha mji wa Mocímboa pamoja na kiwanja chake cha ndege. Mkoa mmoja ukawa na makamanda wa mamlaka mbili tofauti, kila mmoja na helikopta zake na ramani yake. Wapiganaji walipobanwa upande mmoja, walihamia mpakani mwa maeneo hayo mawili.

Ujumbe wa SADC ulifunga kazi kufikia Julai 2024. Fedha zilipungua, na tangu Desemba 2023 jumuiya ilikuwa imefungua uwanja mwingine mashariki mwa Kongo, uliohitaji askari na ndege zilezile. Tarehe 10 Mei 2024, Waafrika Kusini wakiwa wanafungasha, mji wa Macomia ulivamiwa na maduka na maghala ya chakula yakaporwa. Tanzania na Rwanda walibaki kwa makubaliano ya nchi na nchi. Umoja wa Ulaya uliipa Rwanda euro milioni 20 mwaka 2022, kisha milioni 20 nyingine mwaka 2024, kwa ajili ya kazi yake Cabo Delgado.

Novemba 2025 Total, sasa ikiitwa TotalEnergies, ilitangaza kuondoa zuio lake la miaka minne na nusu juu ya mradi wa gesi. Afungi ina kiwanja chake cha ndege na bandari yake, na wafanyakazi wa mradi wanaingia na kutoka kwa anga na bahari. Mfanyabiashara wa samaki wakavu anayetoka Mocímboa kwenda Pemba anapita barabara ya N380 kwa msafara unaosindikizwa na askari, siku ambayo msafara upo.